Skafu Haina Ndani: Niliyojifunza kwa Kufuma Misuko ya Pande Mbili

Sweta lina ndani na nje. Mfumaji akimaliza misuko yake kifuani, ile mikia ya nyuzi, vifundo na matuta ya upande wa pili hubaki ndani vikigusana na shati, na hakuna atakayeviona. Skafu haina ndani. Inazungushwa shingoni, ncha moja inaangukia kifuani na nyingine mgongoni, upepo unaigeuza, na ule upande ulioitwa wa nyuma unakaa mbele ya watu siku nzima.

Dada yangu aliipenda sana skafu ya kwanza ya misuko niliyomfumia. Lakini kila alipotaka kutoka nilimwona amesimama mbele ya kioo akiigeuza. Akiiweka sawa upande huu, ncha ya pili inajipindua. Hakulalamika hata mara moja, ila mimi nilikuwa naangalia mikono yake, na nikaanza kuamini kwamba vazi linalovaliwa namna hiyo linadai nyuso mbili zilizo sawa. Tangu hapo skafu zangu zote za misuko nazifuma za pande mbili, na nimegundua kwamba ugumu wake hauko pale watu wanapoudhania.

Kwa asiyefuma, nieleze kidogo. Ufumaji wa sindano mbili, pamoja na madoido yake yote, una vitanzi vya aina mbili tu. Kitanzi cha pleni kinakaa kama herufi V iliyosimama. Kitanzi cha pali ni kilekile kikitazamwa kwa mgongo: kifundo kidogo kilicholala. Kila pleni ya upande huu ni pali ya upande ule. Msuko wa kawaida hufumwa kwa pleni juu ya uwanja wa pali. Pali hurudi nyuma, pleni hutokeza, na ukipishanisha vitanzi vitatu juu ya vitatu kila baada ya mistari sita au nane, unaona kamba mbili zikizungukana. Geuza sasa kitambaa: kamba imekuwa pali, uwanja umekuwa pleni, na kila palipo na mapishano pana uvimbe usio na umbo.

Misuko mingi tunayoiga imetoka kwenye masweta, hasa yale ya visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland. Ipo hadithi maarufu kwamba kila ukoo wa huko ulikuwa na michoro yake, ili mvuvi aliyezama atambulike kwa sweta lake. Wanaochunguza historia ya ufumaji hawajaikuta na ushahidi, na masweta yenyewe kwa sura tunayoijua si ya kale kiasi hicho. Yalishamiri katika karne ya 20. Kwangu la muhimu ni jingine: michoro ile ilibuniwa kwa ajili ya vazi lenye upande mmoja wa kuonekana. Anayeihamishia kwenye skafu bila kuigusa anahamisha na ule mgongo wake.

Jibu liko kwenye mbavu, yaani ule ufumaji wa ukingo na mikono ya sweta unaonyumbuka: pleni moja, pali moja, pleni moja, pali moja. Ukiutazama bila kuuvuta, huoni pali hata kidogo. Mistari ya pali imezama, na mistari ya pleni imesogeleana hadi ikakutana. Ugeuze, utaona hivyohivyo, kwa sababu zile pali zilizozama huku ndizo pleni za kule. Kitambaa hiki kina tabaka mbili za pleni zilizopeana migongo. Basi ukichukua kundi la vitanzi vya mbavu, pleni na pali zake zikiwa pamoja, ukalipishanisha na kundi jirani, kila upande unapata pleni zake za kuonyesha, na msuko unatokea pande zote mbili kwa tendo moja.

Mpangilio ninaourudia zaidi ni wa vitanzi 48. Ukingo wa vitanzi 3, msuko wa vitanzi 12, njia ya vitanzi 3 ya kutenganisha misuko, msuko wa 12, njia ya 3, msuko wa 12, ukingo wa 3. Njia na kingo hufumwa kwa pleni kila mstari, huku na huku, kwa hiyo nazo zinafanana pande zote. Misuko hufumwa pleni moja, pali moja. Na hapa ndipo nilipoupenda mpangilio huu: kila mstari ni uleule. Kwa kuwa kila msuko unaanza kwa pleni na kuishia kwa pali, ukigeuza kazi ile pali ya mwisho inakutazama kama pleni, na unaanza tena pleni moja, pali moja. Hakuna mstari wa mbele wala wa nyuma wa kukumbuka. Unaweza kuiweka chini wiki nzima, ukaichukua na kuendelea bila kujiuliza ulikuwa wapi.

Katika mstari wa mapishano, vitanzi 6 vya kwanza vya msuko vinahamia kwenye sindano ndogo ya msaada, nayo inashikiliwa mbele ya kazi. Unafuma vitanzi 6 vinavyofuata, pleni moja pali moja, kisha unavifuma vile 6 vilivyokuwa vinasubiri, kwa mpangilio uleule. Idadi ya vitanzi katika kila kundi lazima igawanyike kwa mbili. Kundi la vitanzi 5 litaanza kwa pleni na kuishia kwa pleni, na yakipishana mpangilio wa mbavu unavunjika: pleni mbili zinakaa ubavu kwa ubavu upande mmoja, na pali mbili zinajitokeza upande wa pili. Sita, nne au nane ni salama.

Tendo lenyewe linataka utulivu. Vitanzi 12 vinavyovukana ni vingi. Kwa muda mfupi kitambaa chote kinajikunja kuelekea katikati, vitanzi vinakaza, na kile kitanzi cha kwanza baada ya kuvuka kinakuwa kimevutwa kiasi kwamba ncha ya sindano inakitafuta. Nimezoea kukifuma hicho cha kwanza kisha kuuvuta uzi kidogo kabla ya kuingia cha pili, ili pasibaki tundu pembeni ya msuko. Sindano ya msaada naiteua iwe nyembamba kuliko sindano ninazofumia, isije ikavitanua vitanzi, na napendelea ya mbao kwa sababu ya chuma huteleza na kudondoka wakati mikono yote miwili ina kazi. Wapo wafumaji wanaopishanisha bila sindano ya tatu, wakivibana vitanzi kwa vidole. Kwa vitanzi viwili juu ya viwili vya sufu yenye kushikana, sawa. Kwa sita juu ya sita vya mbavu, siwashauri.

Kisha lipo jambo ambalo lilinifurahisha mno nilipolielewa. Nilikuwa nahakikisha kila mara napishanisha nikiwa upande mmoja, nikiamini kwamba nikifanya hivyo upande mwingine kamba itazungukia kinyume. Sivyo. Chukua kipande cha kamba ya katani iliyosokotwa, itazame inakoelekea, kisha igeuze. Inaelekea kulekule. Ipindue kichwa chini, bado ni kulekule. Kamba iliyosokotwa haina upande wa kinyume. Na msuko wa mbavu ni hivyo hivyo: ukishikilia vitanzi mbele, kundi la kulia linavuka juu kwenda kushoto; na ukigeuza upande wa pili, lile lililopita chini ndilo linaloonekana juu, nalo kwa mtazamaji wa huko linakwenda kulia kuja kushoto. Kwa hiyo hakuna upande wa kupishanishia. Ukipenda kupishanisha kila baada ya mistari 9 badala ya 10, mara utajikuta upande huu, mara upande ule, na msuko hautaonyesha tofauti yoyote mradi sindano ya msaada iko mbele siku zote.

Hilo lilinifungulia pia suala la kupanga misuko. Yote mitatu ikielekea kushoto, pande mbili za skafu ni pacha. Wa kati ukielekea kulia na wa pembeni wakielekea kushoto, bado ni pacha. Lakini ukiifanya ya pembeni iangaliane, mmoja kushoto na mwingine kulia, ukigeuza skafu inapeana migongo. Hakuna ubaya, ni uzuri wa aina nyingine, ila mtu ajue mapema anachokichagua. Na kwa kuwa skafu ikivaliwa ncha moja hukaa kichwa chini, misuko ya kamba ndiyo inayofaa kuliko michoro yenye juu na chini, kama majani au mishale. Ile herufi V ya pleni itakuwa imepinduka kwenye ncha moja, lakini ndani ya msuko jicho haliifuati herufi, linafuata mviringo.

Uzi. Hapa nina msimamo, na sitauficha. Misuko inataka uzi wa mviringo, uliosokotwa kwa nyuzi tatu au zaidi, wa rangi moja, usio mweusi. Sufu inashinda nyuzi zote kwa sababu inanyumbuka na kurudi. Mbavu huishi kwa kurudi huko, ndiko kunakoizamisha pali. Uzi wa pamba hauna tabia hiyo. Mbavu zake hulegea, pali zinachungulia, na msuko unakuwa mabaka. Uzi wenye manyoya marefu hufunika mapishano, na uzi wa rangi nyingi hulivuta jicho mbali na umbo ulilolihangaikia. Akriliki nzuri inafanya kazi, mradi isiguswe na mvuke wa pasi: joto huua mnyumbuko wake moja kwa moja, na mbavu zilizolala namna hiyo haziamki.

Wengi wanaoanza mradi huu wanashangazwa na upana. Vitanzi 48 vya uzi wa unene wa kati kwa sindano za milimita 5 vingekupa kama sentimita 26 vikifumwa pleni tupu upande mmoja. Katika mpangilio huu unapata kama 17, kwa sababu mbavu zinajikunja na mapishano yanazidi kuzikunja. Kwa hiyo kipande cha majaribio kisiwe cha pleni tupu. Kifumwe kwa mpangilio wenyewe, mapishano mawili au matatu, kilowekwe, kikaushwe, ndipo kipimwe. Kwa urefu wa sentimita 170 mimi huandaa mita 400 za uzi. Skafu ya pande mbili ni nzito na ina joto kweli. Ni tabaka mbili, na anayeivaa anazihisi.

Nilisema ugumu wake hauko pale watu wanapoudhania. Mapishano yanajifunzwa jioni moja. Kazi ya kweli iko kwenye mwanzo, maungio na mwisho, kwa sababu katika sweta haya yote yana mahali pa kwenda na hapa hayana.

Tuanze na kuanzisha vitanzi. Njia ya mkia mrefu, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyofundishwa, ina uso mmoja laini na uso mmoja wa vifundo. Kwenye sweta hilo halina maana. Kwenye skafu, ukingo wa chini utakuwa mzuri upande mmoja tu. Nilijaribu njia kadhaa hadi nikatulia kwenye ile ya kuanzisha kwa mbavu: kitanzi kipya kinavutwa kati ya vitanzi viwili vilivyotangulia, mara sindano ikiingia kutoka mbele, mara kutoka nyuma, kwa zamu. Inakwenda polepole, na mistari miwili ya kwanza inakaza mikono, lakini ukingo unaotoka hauna mbele wala nyuma. Kwenye kufunga vitanzi mwishoni, nafuma kila kitanzi kwa namna yake, pleni kwa pleni na pali kwa pali, kisha navusha kilichotangulia juu yake, kwa sindano yenye unene wa hatua moja zaidi ili ncha ya mwisho isibane kuliko ya kwanza. Jambo moja dogo: kabla tu ya kufunga, misuko imeuvuta ukingo. Ukifunga vitanzi vyote 48 kama vilivyo, ukingo unapanuka na kujikunja mawimbi. Nikiwa kwenye msuko nafuma vitanzi viwili pamoja mahali pawili au patatu ndani ya mstari huo wa kufunga, na ukingo unalala.

Kingo za pembeni ni rahisi zaidi. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari nakihamisha bila kukifuma, uzi ukiwa mbele, kisha naupeleka uzi nyuma na kuendelea. Kitanzi cha mwisho nakifuma pleni. Unapata mnyororo safi unaofanana pande zote mbili, na zaidi ya hapo unapata njia ya kuhesabia: kila kiungo cha mnyororo ni mistari miwili.

Sasa maungio, ambayo nayapenda kuliko yote. Bunda la uzi likiisha katikati ya skafu, unabaki na mikia miwili na hakuna ndani ya kuificha. Kama uzi ni wa sufu isiyotiwa dawa ya kuzuia kuganda inapofuliwa, kuna njia ya zamani isiyo na mfano. Fumua ncha ya uzi unaoisha, sentimita 6 au 7, utenganishe nyuzi zake na kupunguza nusu. Fanya vivyo hivyo ncha ya uzi mpya. Zilaze zikikumbatiana kwenye kiganja, zilowanishe kwa maji kidogo (wazee wa kazi hii hutumia mate), kisha sugua viganja kwa nguvu na kwa kasi mpaka usikie joto. Sufu ina magamba madogo mno ambayo kwa unyevu, joto na msuguano hushikana na hayaachani tena. Ukifungua viganja unaukuta uzi mmoja, unene uleule, usio na fundo. Mara ya kwanza niliuvuta pande mbili nikingoja uachie, na haukuachia.

Kwa sufu iliyotiwa dawa, pamba na akriliki, njia hiyo haipo. Hapo naungia kwenye ukingo, na mkia naupitisha kwa sindano butu wima, ndani ya miguu ya pleni moja ya mbavu iliyo karibu, sentimita 5 au zaidi, kisha nageuka na kurudi kwenye mstari wa jirani. Mbavu zina msaada wake hapa: kati ya tabaka zile mbili mna nafasi, na mkia ukipita humo kwa utulivu haujitokezi upande wowote. Naikata ncha baada tu ya kuivuta skafu kwa urefu na kwa upana. Ukiikata kabla, skafu ikinyumbuka mkia unachomoza.

Nina kawaida ya kukagua kila baada ya mapishano. Naitazama pande zote mbili, natafuta mistari mitatu ya pleni ikipanda juu ya mitatu. Kifundo cha pali kikionekana juu ya uso wa msuko, kuna kitanzi kilichofumwa ndivyo sivyo, na ukikiona mapema unakishusha peke yake kwa sindano ya kroshia na kukipandisha tena. Msuko mzima ukiwa umevuka upande usio wake mistari 10 chini, bado si lazima kufumua skafu yote. Vitanzi 12 vya msuko ule tu vinaachiwa vishuke hadi kwenye mapishano, vinapangwa upya, na vinafumwa kupanda kwa zile ngazi za uzi zilizobaki, mstari kwa mstari. Ngazi hizo zinatisha kuzitazama. Lakini kila moja ni uzi wa mstari mmoja, na uko palepale ulipoachwa, kwa hiyo ukienda kwa zamu hakuna kinachopotea.

Mwisho ni maji. Vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, skafu inazama robo saa bila kusuguliwa. Naikamua ndani ya taulo kwa kuikandamiza, si kwa kuinyonga, halafu nailaza juu ya taulo kavu. Hapa wenye mazoea ya kunyoosha shali kwa pini wanapaswa kujizuia. Mbavu ikitandazwa kwa nguvu ikiwa imelowa, itakauka hivyo, pali zitaibuka, na misuko italala chali. Mimi nainyoosha kwa urefu tu, nasogeza kila msuko kwa vidole ukae wima, na pale mapishano yalipo nabana kidogo pande mbili ili kamba iinuke. Ikikauka nusu naigeuza, upande wa pili nao upate hewa.

Kwa sasa nipo kwenye skafu nyingine, pleni mbili pali mbili, makundi ya vitanzi vinne juu ya vinne. Nayo inarudia mstari uleule kila mara, na mifereji yake ni mirefu zaidi kwenda chini, hivyo msuko unaonekana umechongwa. Ila ikivutwa shingoni pali zake zinafunguka na kuonekana, jambo ambalo mbavu za moja moja hazifanyi kwa urahisi. Kwa uzi mnene wa majira ya baridi kali naona inapendeza. Kwa uzi wa unene wa kati, na kwa mtu anayependa kuifunga skafu yake mara mbili shingoni kama dada yangu, bado nitarudi kwenye zile 48.